"Miaka Mitano Ijayo Utakuwa Wapi?": Swali Linalowachanganya Wanafunzi wa Chuo

Mpwa wangu alirudi kutoka wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya na karatasi aliyoikunja mara nne. Juu yake limepigwa chapa swali moja: "Miaka mitano ijayo utakuwa wapi?" Chini yake mistari kumi ya kujaza. Alikuwa amejaza miwili. Wa kwanza aliandika, "Niwe nimefaulu." Wa pili, "Niwe na maisha mazuri," kisha akaukata kwa kalamu. Nadhani aliona haya.

"Mjomba, hapa mtu huandika nini?" aliniuliza huku akimenya chungwa. "Mie nasomea uhandisi wa umeme, kozi yenyewe miaka mitano. Miaka mitano ijayo nitakuwa bado nasubiri kuvaa joho."

Swali hili limeenea. Liko kwenye makongamano ya vijana, kwenye stetasi za WhatsApp kila Januari, hata kwenye mahojiano ya kazi. Na kila nikikaa na wanafunzi wa hapa Mombasa, wanaoishi Tudor na wanaovuka kwa feri kila asubuhi kutoka Likoni, nakuta wamegawanyika mafungu mawili. Kuna wanaojaza mistari yote kumi kwa mambo makubwa wasiyoyaamini wenyewe, na kuna wanaoiacha mitupu wakasema Mungu atajalia. Mimi siwalaumu. Swali lenyewe limeulizwa vibaya, na limechanganya vitu vinne ambavyo kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni ndoto. Hii ni picha tu: kuwa mtu wa maana, kumjengea mama nyumba, kuonekana. Haina tarehe wala kipimo, na hakuna ubaya. Cha pili ni lengo. Lengo ni hali ambayo mtu mwingine akija kuikagua anaweza kusema "ndiyo, limefika" au "bado." "Kufaulu" si lengo, kwa sababu hakuna anayejua kufaulu kunaishia wapi. "Kumaliza shahada kwa daraja la kwanza" ni lengo, kwa kuwa katika vyuo vyetu daraja hilo lina namba yake, wastani wa alama 70 kwenda juu. Cha tatu ni mpango, yaani mfuatano wa mambo ya kufanya: lipi litatangulia, lipi litafuata, lini, na kwa kutumia nini. Cha nne ndicho kinachosahaulika, nacho ni tafakuri: kurudi nyuma ukaangalia ulichofanya kabla ya kuendelea. Waliosoma madrasa wanaijua kwa jina la muhasaba, kujihesabu nafsi. Nitakirudia mwishoni, maana ndicho kigumu kuliko vyote.

Sasa tuone lengo la mbali linafanya kazi gani, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea.

Panda matatu uende Kisauni, Mishomoroni au Likoni, kisha tazama juu ya mapaa. Utaona nyumba za chini zimekamilika, watu wanaishi, nguo zimeanikwa, lakini juu nondo zimechomoza kuelekea mbinguni kama nywele zilizosimama. Mgeni atadhani nyumba imemshinda mwenyewe. Sisi tunajua: mwenye nyumba ana nia ya ghorofa. Pesa alizokuwa nazo zilikuwa za chumba na sebule, lakini aliwaambia mafundi wachimbe msingi wa kubeba ghorofa mbili. Nguzo zikatiwa nondo nene. Mahali pa ngazi pakaachwa wazi, na sasa pamegeuzwa stoo ya mitungi ya maji.

Muulize mwenye nyumba huyo ghorofa atajenga mwaka gani. Hajui. Muulize ni ya kupangisha au ya kijana wake akioa. Itategemea. Hata hivyo ghorofa hiyo ambayo haipo imeshafanya kazi kubwa: iliamua kina cha msingi siku ile mafundi walipoanza kuchimba. Jirani aliyejenga msingi wa nyumba ya chini tu, hata akishinda bahati nasibu kesho, itambidi abomoe kwanza.

Hivyo ndivyo lengo la mbali linavyofaa. Hakuna anayekudai utabiri. Unatakiwa uangalie juu kidogo ili ujue leo uchimbe kiasi gani. Karatasi ya mpwa wangu ingeuliza hivi, ningeielewa: "Unataka siku moja uweze kubeba nini, na je, msingi unaouchimba semista hii utakibeba?"

Nitoe mfano wa jirani yetu mmoja kijana anayetaka kuwa ofisa wa meli. Kukulia Mombasa, ukitazama meli za makontena zikiingia Kilindini, ndoto hiyo haihitaji maelezo. Alikuwa na mpango pia: asome, apate alama nzuri, aajiriwe. Nikamwambia tuuanze mpango kutoka mwisho turudi nyuma. Ofisa wa zamu kwenye daraja la meli, yaani chumba inamoongozwa, anatakiwa awe na nini? Cheti. Cheti hutolewa kwa kufuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa 1978, ule ambao mabaharia wote huuita STCW. Na mkataba huo hautosheki na darasa. Unataka muda baharini: angalau miezi 12 ukiwa ndani ya mpango wa mafunzo unaotambuliwa, au miezi 36 kama uko nje ya mpango huo.

Alinyamaza. Katika hesabu zake zote, bahari yenyewe haikuwemo.

Hapo ndipo kuanza kutoka mwisho kunapoleta faida. Kunakuonyesha mlango mwembamba uko wapi. Alama zinahitajika, lakini vijana wenye alama ni wengi kuliko nafasi za kuwapakia melini wakajifunze. Kwa hiyo kazi ya miaka yake ya mwanzo inabadilika: pasipoti mapema, vipimo vya afya, kozi za usalama, kuulizia meli gani huchukua wanagenzi na kwa masharti gani. Hayo yote angeyaanza baada ya mahafali, miaka mitatu au minne ikiwa imekwenda.

Kila fani ina mlango wake mwembamba. Mwalimu ana usajili wa TSC, tume ya walimu. Mhasibu ana mitihani ya kitaaluma ya CPA nje ya shahada yake. Mhandisi kama mpwa wangu ana bodi ya wahandisi: joho akilivaa atasajiliwa kwanza kama mhitimu, na itambidi afanye kazi chini ya waliomtangulia kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akimtafuta mtu mmoja tu anayefanya kazi anayoitamani, akamuuliza "wewe ulikwama wapi?", atajifunza zaidi ya alichoambiwa ukumbini siku nzima.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huusahau kwa sababu uko nyuma yao: mkopo. Anayesoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ana lengo la mbali hata kama hajaandika mstari mmoja. Deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kwa shahada ya kwanza riba ni 4% kwa mwaka. Kwa kila shilingi 200,000, riba peke yake ni 8,000 kwa mwaka. Liandike.

Sasa nije kwenye mambo yanayosemwa majukwaani, kwa sababu mengine yanaudhi.

La kwanza ni hadithi ya Yale. Umeisikia: mwaka 1953 wanafunzi waliokuwa wakihitimu chuo hicho cha Marekani waliulizwa nani ameandika malengo yake. Ni 3% tu. Miaka ishirini baadaye, hao 3% wakawa na mali kupita wenzao 97% wote wakijumlishwa. Wengine huihamishia Harvard na kuipa mwaka 1979. Hadithi tamu, na haikutokea. Walioutafuta utafiti huo hawakuuona, na chuo chenyewe kimesema hakina kumbukumbu yake. Kuandika malengo kunasaidia, lakini kalamu peke yake haijawahi kumtajirisha mtu.

La pili ni siku 21 za kujenga tabia. Hizi zimetokana na Maxwell Maltz, daktari wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Neno "angalau" likaanguka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wastani ulikuwa siku 66, na tofauti zilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo uliyejaribu kusoma kila alfajiri kwa wiki tatu na bado unajikokota, huna kasoro. Uko katikati ya safari.

La tatu ni kwamba mpango ukibadilika umeshindwa. Hili nalijibu kwa kunyoosha kidole tu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951 kikiwa taasisi ya Waislamu ya ufundi, ile ambayo wazee bado wanaiita MIOME. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote, mwaka 1972 kikawa politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati yake. Majina matano, na vijana wa pwani wanaingia lango lile lile kujifunza ufundi. Kama chuo chenyewe kimebadilisha mpango mara nne, mwanafunzi wake akibadili kozi si msiba.

La nne huku kwetu ni nyeti kidogo, nalo ni kwamba kupanga ya mbali ni kutomtegemea Mungu. Wanaolisema husahau mafunzo wanayoyajua vizuri, ya kumfunga ngamia kwanza kisha ndio mtu atawakali. Inshallah husemwa baada ya kamba kufungwa.

Na kuna moja ambalo si uzushi ila hunyamaziwa. Kupanga hakulipi karo. Mwanafunzi aliyezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio la karo hahitaji somo la malengo, anahitaji salio lilipwe. Kitu pekee ambacho mpango humsaidia ni kuliona salio hilo likija tangu wiki ya tatu, angali na muda wa kubisha milango ya basari ya kaunti au ya mbunge. Yeyote anayemwambia kijana kwamba amekwama kwa kukosa maono tu, hajawahi kukaa kwenye foleni ya ofisi ya fedha.

Tuseme lengo lipo na mlango mwembamba umeonekana. Mpango huvunjikia wapi? Mara nyingi kwenye hesabu ya muda. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu: utamaliza siku ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa takriban siku 34. Wakaulizwa tena, mambo yakiharibika kabisa je? Kama siku 49. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na ushei. Yaani hata walipojilazimisha kuona mabaya, bado waliona mazuri.

Mtu wa Likoni hafanyi kosa hili. Feri yenyewe ikishang'oa, kuvuka ni dakika chache. Lakini ukimuuliza aliye na mtihani saa mbili atoke nyumbani saa ngapi, hatakupa dakika za maji. Atakupa za foleni, za feri moja kuwa mbovu, za lori lililokwama kwenye mteremko. Amejifunza kuhesabu kwa yaliyotokea jana na juzi, si kwa urefu wa mkondo. Ripoti yako ya mradi ihesabu hivyo hivyo: ile ya semista iliyopita ilichukua siku ngapi hasa, ukitoa siku ulizokuwa "karibu unaanza"?

Dawa ya pili ni ndogo hadi watu huidharau. Nchini Ujerumani, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti wakati wa likizo ya Krismasi, ndani ya saa 48 baada ya mkesha. Walioambiwa waamue kabisa ni lini na wataketi wapi kuiandika, walioileta kwa wakati walikuwa mara mbili na zaidi ya wenzao ambao hawakuamua. Kazi ile ile, nia ile ile. Tofauti ilikuwa kiti na saa. "Nitasoma wikendi" ni ndoto. "Jumamosi nikishasali Alfajiri, meza ya barazani, sura ya tatu" ni mpango.

Tuje kwenye tafakuri, ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Wanafunzi wengi wakiambiwa watafakari, hukaa chini na kujitukana. "Mimi mvivu." "Sina nidhamu." Hayo ni majuto, na majuto hayakuambii ufanye nini Jumatatu. Nilijifunza tofauti yake kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi kwenye kona ya mtaa wetu. Saa nne asubuhi, wateja wa kwenda kazini wakishapita, huinua kitambaa cha ungo na kuhesabu yaliyobaki. Siku moja yalibaki kumi na manne. Hakusikitika, wala hakujiita mpishi mbaya. Alitazama barabara, akasema, "Shule zimefunga," kisha akamwambia binti yake, "Kesho ukande kilo nne, si tano." Akafunika ungo.

Nimesoma maelezo marefu ya wasomi kuhusu tafakuri, na mengi yanarudi kwenye ungo ule. Kuna idadi: kumi na manne, si "mengi." Kuna sababu iliyotafutwa nje na ndani, maana angeweza pia kuonja moja akakuta ni gumu, na angekubali. Na kuna kilo moja ya unga iliyopungua kesho yake. Ukikosa hiyo kilo moja, hukutafakari, uliwaza tu. Mwanafunzi aliyepata 43 kwenye hesabu afanye vivyo hivyo: afungue karatasi aone alama zilimwagikia swali lipi, ajiulize kama hakulielewa au hakulifikia kwa muda, kisha abadilishe kitu kimoja kinachoweza kuonekana. Kimoja. Anayebadili ratiba nzima usiku wa matokeo, Alhamisi amerudi palepale.

Ni mara ngapi? Kwa wiki, dakika kumi na tano zinatosha, siku usiyo na haraka. Mwisho wa semista ukae zaidi, ulitazame lengo lenyewe: bado ghorofa hii ninaitaka, au niliirithi kwa mtu? Wapo wanaosomea kozi waliyopangiwa na KUCCPS, wale wa serikali wanaowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, au waliyochaguliwa na baba, na huligundua hilo mwaka wa tatu kwa sababu hawakuwahi kuulizwa na yeyote, hata na wao wenyewe.

Nami sina rekodi nzuri. Nilipokuwa chuo nilichora mpango wa miaka minne kwa kalamu nene, rangi tatu, nikaubandika ukutani hosteli. Joto na unyevu wa hapa vikaukunja pembe kufikia wiki ya pili. Ya tatu nikapigilia msumari juu yake nitundike taulo. Mpango haukuwa mbaya. Tatizo ni kwamba sikuwahi kulisogeza lile taulo nikausoma tena.

Mafundi wa hapa wanalijua jambo hilo kwa upande wa nondo. Hewa yetu ina chumvi. Nondo zilizoachwa wazi juu ya paa huliwa na kutu, na siku ya kujenga ghorofa fundi huzipiga nyundo zikavunjika kama muwa mkavu. Ndiyo sababu mwenye nyumba mwangalifu huzipaka uji wa saruji, na mara mojamoja hupanda ngazi akazitazama, hata mwaka ambao hana senti ya kujengea.

Yote hayo nilimweleza mpwa wangu kwa mizunguko kuliko nilivyoandika hapa, na chungwa lilikwisha zamani. Mwishoni aliigeuza karatasi upande usiokuwa na swali, akaandika, "Jumanne saa tisa, maabara, nimuulize yule mama fundi alipata wapi kazi yake ya kwanza." Akafikiri. Akaongeza, "Sakiti: siku ngapi mara ya mwisho? Tisa."

Ile mistari minane ya mbele iko mitupu hadi leo. Upande wa nyuma umejaa, na Jumapili iliyopita alikuwa akitafuta karatasi nyingine.